Mtoto Aliyepanda Ndege Asirudi



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja alituuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu. Mtoto wake wa kiume alichukuliwa wakati wa vita. Miaka mingi imepita, na tangu siku ile hajapata neno lake. Hakuna barua, hakuna simu, hakuna kaburi. Alisema: "Ninyi mliosoma, niambieni. Nimlilie matanga ama nimngoje? Na kama ni kungoja, ningoje mpaka lini?" Tuliinamisha vichwa. Mmoja wetu akaanzisha wimbo, tukaimba wote, lakini swali lilibaki palepale.

Sisi walimu tuna tabia moja: swali likitushinda, tunakwenda kulitafuta katika vitabu. Safari hii tulizopata ni habari za mbali, habari za wazungu na ndege zao za vita, na mwanzoni tulitaka kuziacha. Lakini tulipozidi kusoma tuliona kwamba ni habari za wamama hasa. Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea.

Telegramu mlangoni

Katika Vita Kuu ya Pili, ile ya 1939 mpaka 1945, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na kikosi kikubwa cha ndege za kutupa mabomu. Kikosi hicho kiliitwa Bomber Command. Vijana wapatao 125,000 waliruka na ndege zake. Waliokufa ni 55,573. Wamama wanaojua kuhesabu pesa za likelemba wataona mara moja: karibu kijana mmoja katika kila wawili. Na walikuwa vijana kweli, wengi wa miaka 20 ama 22. Hawakutoka Uingereza peke yake. Walitoka pia Kanada, Australia, New Zealand, Poland, Ubelgiji, visiwa vya Karibi, na wachache Afrika ya Magharibi.

Ndege ziliondoka jioni na kurudi karibu na mapambazuko. Ndege isiporudi, siku ileile telegramu ilipelekwa nyumbani kwa wazazi ama kwa mke. Neno lililokuwa ndani yake ni "amepotea". Haikusema amekufa. Huenda aliruka kwa parashuti na wakulima wakamficha. Huenda ni mfungwa. Huenda yuko katika hospitali ya adui, hajui hata jina lake. Huenda yuko chini ya bahari. Neno moja lilibeba mambo yote hayo, na mama alilala nalo na kuamka nalo.

Baada ya telegramu ilifika barua ya mkubwa wa kikosi. Baadaye zikafika nguo zake, vitabu vyake, kalamu yake, vyote vimeandikwa kwenye orodha. Na kama miezi 6 ilipita bila habari yoyote, serikali ilimhesabu kuwa amekufa, ili mambo ya pensheni na karatasi yaweze kuendelea. Ndiyo, miezi 6. Kwa serikali ilitosha. Kwa mama, tunafikiri mnajua jibu.

Kuna jambo moja dogo lililotugusa sana. Ndege kubwa kama ile iliyoitwa Lancaster ilibeba watu 7: mwendeshaji, fundi wa injini, msoma ramani, mtupa mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili. Ndege moja ikipotea, nyumba 7 zilipata telegramu. Basi familia hizo zilitumiwa majina na anwani za familia nyingine 6, nazo zikaanza kuandikiana. Mama wa Scotland alimwandikia mama wa Kanada ambaye hajamwona kamwe: wewe umepata neno? Mimi bado. Wakati mwingine mmoja alipata kadi kutoka kwa Msalaba Mwekundu wa Geneva kwamba mwanawe ni mfungwa, yuko hai. Kadi hiyo iliwapa wengine 6 tumaini, na pia maumivu, kwa sababu mtoto wa mwenzako akipatikana peke yake, wako yuko wapi? Hata hivyo waliandikiana. Wengine waliendelea miaka mingi baada ya vita kwisha. Kwa maoni yetu, katika yote ambayo ofisi zile zilifanya, karatasi ile ya anwani ilikuwa na faida kuliko zote, na haikugharimu kitu.

Namba ya injini na alama ya dobi

Vita vilipokwisha, watu wa jeshi la anga waliokuwa hawajulikani walipo walikuwa karibu 42,000 duniani kote. Uingereza ikaunda idara ya kuwatafuta. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa jeshi lenyewe, wengi wao walikuwa wamepanda ndege zilezile na kupoteza rafiki katika ndege zilezile. Waliomba wenyewe kubaki, wakati wengine walikuwa wanakimbilia nyumbani. Walipita Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Denmark, Norway, Ujerumani, hata Burma, kijiji kwa kijiji, na gari na karatasi zao.

Walipofika kijijini walimtafuta nani? Mkubwa wa kijiji, padri ama mchungaji, mchimba makaburi, mama mwenye nyumba karibu na shamba ambapo ndege ilianguka. Waliuliza: usiku ule ulisikia nini? Uliona miili mingapi? Nani aliizika? Wapi? Watu wa kijiji walikuwa wanajua. Mara nyingi waliwazika wale vijana wenyewe, na katika nchi zilizotawaliwa na Wajerumani wanawake walipeleka maua kaburini hata pale wakubwa wa Ujerumani walipokataza.

Kisha ilifika sehemu ya kazi ambayo hatutaificha, kwa maana ninyi wamama mmeosha maiti na hamwogopi kifo. Walifungua makaburi. Walitafuta jina. Kila askari alivaa vidude viwili vya shingoni vyenye jina lake na namba yake, lakini vidude hivyo vya Uingereza vilitengenezwa kwa nyuzinyuzi zilizoshindiliwa, na vikiwa katika moto vinaungua, katika udongo vinaoza. Basi waliangalia vitu vingine. Pete na maandishi yake ya ndani. Namba ya saa ya mkononi. Meno, ili kuyalinganisha na karatasi za daktari. Kipimo cha viatu. Nguo yenye cheo. Alama ya dobi kwenye kola ya shati, ile alama ndogo ya wino ambayo mfua nguo anaiweka ili nguo za huyu zisichanganyike na za yule. Alama ya mfua nguo! Kitu ambacho sisi tunakiona kila siku kwenye kamba ya nguo na hatukifikirii.

Namba ya injini ilikuwa na nguvu zaidi. Injini inaweza kuzama ardhini mita kadhaa, lakini chuma hakiozi haraka. Ukipata namba, ofisi ya London itakuambia injini ile ilikuwa katika ndege gani, ndege ile iliondoka usiku gani, na ndani yake walikuwamo nani 7. Kama 5 walikwisha kujulikana, basi waliobaki ni wawili tu. Ukijua mmoja alikuwa mrefu na mwingine mfupi, umekwisha kumaliza kazi.

Kazi hiyo iliendelea mpaka karibu 1950. Zaidi ya watu 23,000 walipatikana na kuwekwa katika makaburi yenye majina. Wengine zaidi ya 9,000 iliandikwa kwamba walipotelea baharini. Hao ambao hawana kaburi, majina yao yamechongwa kwenye kuta za mawe mahali panapoitwa Runnymede, juu ya kilima karibu na mto Thames. Ukumbusho huo ulifunguliwa na malkia Elizabeth mwezi wa 10 mwaka 1953. Majina ni zaidi ya 20,000. Kati yao kuna Amy Johnson, mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza mpaka Australia, mwaka 1930. Wakati wa vita alikuwa anapeleka ndege kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine. Tarehe 5 mwezi wa 1 mwaka 1941 ndege yake ilianguka pale Thames inapoingia baharini, na mwili wake haukupatikana. Wamama wanaosema ndege ni kazi ya wanaume, waandike jina hilo.

Mwanamke aliyefuata majina 118

Tukae kidogo hapa kwa wanawake.

Uingereza ilikuwa na ofisi ya siri iliyopeleka watu Ufaransa wakati nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kazi yao ilikuwa kuharibu reli, kupeleka habari kwa redio, kusaidia wanaopigana kwa siri. Wanawake walikuwamo, na baadhi yao waliandikwa kama watu wa kikosi cha wanawake cha jeshi la anga. Mmoja aliitwa Noor Inayat Khan. Baba yake alikuwa Mhindi, mama yake Mmarekani. Kabla ya vita alikuwa anaandika hadithi za watoto. Kwa hiyo sisi walimu tunamhesabu kama wetu. Alifika Ufaransa mwezi wa 6 mwaka 1943 akiwa na redio, na miezi michache baadaye alikamatwa.

Katika ofisi ile ya London kulikuwa na Vera Atkins, aliyezaliwa Romania. Yeye ndiye aliyewasindikiza wengi wa vijana hao uwanjani kabla ya kupanda ndege. Aliangalia mifuko yao wasisahau tikiti ya basi ya London ama sigara ya Kiingereza ambayo ingewasaliti. Vita vilipokwisha, watu 118 wa sehemu yake hawakurudi. Wakubwa walikuwa wanafunga ofisi na kugawa kazi nyingine. Yeye alikataa kuacha. Akavaa nguo ya jeshi la anga, akaenda Ujerumani, akazunguka gereza kwa gereza na kambi kwa kambi, akiuliza wafungwa na walinzi waliokuwa wamekamatwa. Kati ya wale 118, aliacha mmoja tu bila jibu.

Hatutaki kumfanya malaika. Wakati wa vita, ofisi hiyohiyo ilikuwa inawaandikia wamama barua fupi za kusema binti yako anaendelea vizuri, na binti alikwisha kukamatwa. Ofisi ilidanganywa na Wajerumani waliochukua redio zake, nayo ikawadanganya wamama bila kujua, na pengine baadaye kwa kutotaka kujua. Mama aliyepokea barua za namna hiyo, kisha akaambiwa ukweli, alilia mara mbili.

Na hata katika kutafuta kwake Vera alikosea. Alipata habari za wanawake 4 waliouawa katika kambi ya Natzweiler tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka 1944. Mfungwa mmoja aliyejua kuchora aliwaona wakipita na akakumbuka nguo zao: koti la manyoya, utepe wa mirabamiraba katika nywele. Kwa maelezo hayo Vera aliamini kwamba mmoja wao alikuwa Noor, na familia yake ikaambiwa hivyo. Baadaye mashahidi wengine walionyesha kwamba yule wa nne alikuwa mwanamke mwingine, Sonia Olschanezky, na kwamba Noor aliuawa Dachau mwezi wa 9 mwaka uleule. Vera alirudi kusahihisha. Tumeandika jambo hili kwa urefu kwa sababu kwetu pia mtu anaweza kuja na kusema, nimemwona mwanao mahali fulani. Anaweza kuwa mwema kabisa na bado amekosea. Tumpokee, tumpe maji, tuandike maneno yake, kisha tutafute shahidi wa pili.

Mtoto wa miaka 11

Si kila aliyetafuta alikuwa ndugu. Tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka 1943, ndege moja aina ya Lancaster ilipigwa ikirudi kutoka Ujerumani, ikaanguka juu ya nyumba ya mkulima huko Uholanzi. Mke wa mkulima alikufa. Msoma ramani wa ndege ile alikuwa kijana mweusi kutoka Guyana, jina lake Cy Grant. Aliruka kwa parashuti, akakamatwa, akakaa mfungwa miaka miwili. Gazeti la chama cha Hitler lilitoa foto yake na kuandika chini yake kwamba ni mtu wa jeshi la anga wa kabila lisilojulikana. Baada ya vita alisomea sheria, akawa mwimbaji na mchezaji wa sinema, akajulikana sana Uingereza.

Siku ndege ilipoanguka, mvulana wa miaka 11 wa mahali pale aliona mabaki yake. Hakusahau. Alipokuwa mzee alianza kuuliza: ndani ya ndege ile walikuwamo nani? Walitoka wapi? Waliopona wako wapi? Alitafuta mmoja mmoja mpaka akampata Cy Grant, wakaonana wakiwa wazee wote wawili, zaidi ya miaka 60 baadaye. Kutoka hapo ilianza kazi nyingine: kukusanya majina ya vijana wote wa visiwa vya Karibi waliokuwa katika ndege za Uingereza, kwa sababu vitabu vingi viliwasahau. Cy Grant alikufa mwaka 2010. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza.

Waholanzi wana desturi nzuri katika mambo haya. Katika makaburi ya Margraten, ambako wamelala Wamarekani zaidi ya 8,000 pamoja na watu wa ndege, kila kaburi limechukuliwa na familia ya pale. Familia inapeleka maua, inaandika barua kwa ndugu wa marehemu Marekani, na wazazi wakizeeka wanawaachia watoto kaburi lile kama urithi. Na mwaka 2020 walitoa chini ya ziwa la Markermeer ndege ya Uingereza iliyopotea tangu mwezi wa 3 mwaka 1943. Watu wake 7 walijulikana kwa msaada wa kitu kidogo sana: kisanduku cha sigara chenye herufi za jina la mwenyewe. Wamama walikuwa wamekwisha kufa zamani. Waliopokea habari ni wajukuu na watoto wa ndugu.

Na hapa kwetu, Kindu

Pengine mtasema hizo ni habari za Ulaya. Basi turudi Maniema.

Tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 1961, ndege mbili za jeshi la anga la Italia zilitua Kindu. Zilitoka Kamina, zimebeba vitu vya askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Malaya. Watu wake walikuwa 13. Nchi yetu ilikuwa katika fujo ya Katanga, na watu walikuwa na hofu ya ndege na ya wazungu waliotoka upande ule. Askari wetu waliwachukua wale Waitaliano kuwa adui, wakawakamata wakiwa wanakula, kisha wakawaua. Hawakuwa na kosa.

Huko Pisa, ambako ndege zilitoka, wake na wamama walingoja. Magazeti ya nje yaliandika mambo ya kutisha, kwamba miili imekatwakatwa na kutupwa mtoni. Fikirini mke anayesoma maneno hayo jikoni kwake. Lakini watu wa Kindu waliwazika, katika makaburi ya Tokolote, na walijua mahali. Miezi michache baadaye makaburi yakaonyeshwa. Mwezi wa 3 mwaka 1962 miili 13 ilirudi Pisa, na mpaka leo wamelala pamoja katika nyumba ya ukumbusho karibu na uwanja wa ndege wa mji ule.

Tunapofundisha jambo hili darasani, wanafunzi wanauliza tu nani aliua. Ni swali la haki. Lakini tunapenda pia waulize nani alizika, na nani alikumbuka mahali, kwa sababu bila hao wajane 13 wa Italia, ama wamama 13, wasingekuwa na kaburi la kulilia.

Wasioandikwa

Kuna neno moja lazima tulitoe, hata kama linachoma. Vijana wa ndege walipatikana kwa sababu majina yao yaliandikwa tangu siku ya kwanza: jina, namba, nyumbani kwake, jina la mama. Babu zetu hawakuandikwa hivyo. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji kwenda Tabora mwaka 1916 walikuwa watu wengi mno, na wengi hawakurudi. Askari wa Force Publique walikwenda mpaka Ethiopia mwaka 1941 wakapigana Saïo, na wapagazi walikuwa pamoja nao. Ni nyumba ngapi zilipata karatasi?

Upande wa Waingereza hali ilikuwa vilevile kwa Waafrika wao. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba msamaha. Ilikubali kwamba katika vita vya kwanza, watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote ama hawakukumbukwa kabisa. Tume ileile, ambayo inatunza kila jiwe la mzungu kwa usafi wa ajabu. Tumesoma sentensi ile mara mbili ili kuhakikisha.

Sasa tufanye nini

Turudi kwa mama yetu na swali lake. Sisi si wachungaji wala wakubwa wa ukoo, na kila familia ina desturi yake. Lakini tunasema hivi kutokana na tuliyosoma: kuweka matanga na kuendelea kutafuta si mambo mawili yanayopigana. Wamama wa zile ndege walivaa nguo nyeusi, walikwenda kanisani, na kesho yake waliandika barua nyingine kwa ofisi. Walilia na kutafuta kwa wakati mmoja.

Msalaba Mwekundu unafanya kazi ya kutafuta ndugu waliotengana kwa ajili ya vita, na unaifanya hapa Kongo pia. Hailipiwi. Mtu akikuomba pesa ili akuandikie jina, ujue ni mwizi. Watakuuliza maswali mengi, na ndipo wengi wetu tunashindwa, kwa sababu tunakuja na jina moja tu la kuitwa nyumbani. Kwa hiyo tumekata shauri na kamati yetu kuandaa kaye moja kubwa ya chama. Ukurasa mmoja kwa kila mtu aliyepotea. Tutaandika majina yote, ya ubatizo na ya ukoo na la utani; jina la baba na la mama; mwaka wa kuzaliwa, ama kama hujui, ulizaa wakati gani, kabla ya nani na baada ya nani. Siku alipoondoka, njia aliyopita, alikuwa na nani. Hilo la mwisho ni kubwa: tafuteni wamama wa wale aliokuwa nao, kama zile nyumba 7. Kisha mwili wake: kovu, jino lililovunjika, mguu uliowahi kuvunjika, kidole. Na nguo ya siku ile. Msione haya kusema alikuwa na shati gani. Mmesikia habari ya utepe na ya kola.

Wasiojua kuandika watakuja waseme, wasichana wetu wa darasa la 6 wataandika, na mwalimu atasoma tena kwa sauti mpaka mama akubali kwamba ndivyo. Kaye itakaa katika sanduku la mweka hazina pamoja na pesa za likelemba, na nakala ya pili itawekwa parokiani, kwa sababu nyumba zinaungua na watu wanakimbia.

Tutaanza siku ya Alhamisi, saa 9 alasiri, baada ya mkutano, chini ya paa la shule. Kama mna foto, leteni, tutaitazama tu na mtarudi nayo nyumbani. Yule mama wa juma lililopita amekwisha kutuma neno kwamba atakuja. Anasema hana foto, ila kikwembe alichombebea mgongoni bado anacho, na anauliza kama kinafaa. Tumemjibu akilete.